Maradhi ya Mashine ya Ratiba

Jumatatu, Machi 4

Daftari hili si langu, ni la mashine. Fundi wa kompyuta ndiye aliyeniamuru nilianzishe. Nilimwendea kibandani kwake, jirani na duka la vifaa vya umeme, nikamweleza kwamba kompyuta ya chumba cha ratiba inasumbua. Akauliza inasumbuaje. Nikasema inasumbua tu. Akanitazama vile nilivyokuwa nikimtazama yeye, nilipomfundisha hesabu kidato cha pili, aliponiambia jibu ni "kama saba hivi."

"Mwalimu, mgonjwa huyu hasemi," akaniambia. "Kwa hiyo utamsemea wewe. Chukua daftari, andika kila siku inafanya nini, saa ngapi, na wewe ulikuwa unafanya nini wakati huo. Andika ukweli, usinifiche kitu. Nikishasoma ndiyo nitajua tubadilishe nini."

Haya. Mgonjwa ni kompyuta ya mezani, umri miaka kumi na minne, sipiyu yake ya rangi ambayo zamani ilikuwa nyeupe. Makazi ni chumba cha ratiba, yaani stoo ya zamani ya vifaa vya michezo. Leo nimeiwasha saa moja kasorobo. Imekuwa tayari saa moja na dakika kumi na tisa. Katikati hapo nimekunywa chai, nimesahihisha madaftari kumi na moja na nimekosana na mtu. Tarehe inayoonyesha kwenye kioo ni Januari mosi ya mwaka ambao bado nilikuwa na nywele.

Jumanne, Machi 5

Imewaka. Imezima. Imewaka. Mvua.

Jumatano, Machi 6

Mkuu wa shule ameniita ofisini. Yale madarasa mawili mapya yamekamilika na wanafunzi watahamia Jumatatu ya Aprili 15. Maana yake ratiba nzima ipangwe upya: madarasa kumi na sita badala ya kumi na manne, na walimu ni walewale.

"Mashine yako itaweza?" akauliza.

"Itaweza, Madam."

"Mara ya mwisho ilichukua wiki mbili."

"Siku kumi na moja, Madam."

Akafungua droo akatoa bahasha iliyoandikwa "Vitasa vya milango." Akakata maneno hayo kwa kalamu, akaandika "Ratiba" juu yake. "Hiki ndicho kilichopo," akasema. "Mashine mpya haipatikani kwa hela hii. Ifufue hiyohiyo. Ikifika Aprili 12 sijaona ratiba mezani, kazi nampa Kemia. Yeye ana kompyuta mpakato yake mwenyewe."

Kemia ni mwalimu wa Kemia. Hapa walimu tunaitana kwa masomo yetu, isipokuwa mimi ninayeitwa Mzee Ratiba. Ni kijana anayenukia manukato kuanzia korido ya pili, na suruali zake hazijui mkunjo.

Sasa fundi, kwa kuwa umesema nisifiche, sikiliza. Watu wanadhani shule inaongozwa na Mkuu. Lakini anayeamua nani aamke na kuku awahi kipindi cha kwanza, na nani afundishe kipindi cha nane Ijumaa, saa tisa alasiri, watoto wamechoka hadi wanalalia madawati, huyo ndiye anayesalimiwa kwa mikono miwili. Mimi nimesalimiwa hivyo miaka kumi na tisa. Historia anafundisha kipindi cha nane Ijumaa mwaka wa sita huu kwa sababu aliwahi kuicheka suruali yangu kikaoni. Sijamwambia hivyo. Nimemwambia ni mashine iliyopanga.

Nikinyang'anywa ratiba nabaki mwalimu wa hesabu aliyebakiza miaka mitatu kustaafu, na hao wamejaa tele. Naogopa. Nimeandika.

Alhamisi, Machi 7

Dalili: hakuna. Umeme ulikatika alfajiri, mashine haijawashwa kutwa.

Saa nne alikuja mwalimu wa Jiografia. Ana miezi minne tu hapa na mtoto mdogo wa kunyonya. Kituo cha kulelea watoto kilichoko ng'ambo ya barabara hufunguliwa saa mbili kamili, na kipindi cha kwanza kinaanza saa moja na nusu. Kwa hiyo kila asubuhi nusu saa hiyo mtoto hubaki na mlinzi wa getini.

"Mzee wangu, shikamoo. Naomba unisaidie, hata ukinitoa kipindi cha kwanza siku tatu tu kwa wiki. Nakuomba sana."

Sikupenda alivyokuja bila kupitia kwa Mkuu. Nikaigeukia mashine, ambayo kioo chake kilikuwa kimeelekea kwangu, nikaitazama kwa muda wa kutosha, nikatikisa kichwa. "Imekataa, mwanangu. Hesabu hiyo ingeilaza siku tatu, na inaweza kufuta kila kitu."

Akaishukuru mashine na mimi, akaondoka.

Ijumaa, Machi 8

Imewaka kwa dakika arobaini. Rekodi. Historia kanipungia mkono akielekea kipindi cha nane, kama mtu anayepelekwa rumande.

Jumatatu, Machi 11

Mvua imeanza kweli. Bati linavuja juu ya sipiyu, nikaifungulia mwavuli wangu nikautega kwa madaftari. Mimi nimelowa, mashine ni kavu. Mke wangu kaniuliza mwavuli uko wapi, nikasema uko kazini.

Kupitia dirishani nimemwona mlinzi getini kambeba mtoto wa Jiografia ndani ya koti lake la mvua, kichwa tu ndicho kinachoonekana. Anamwimbia. Sijui kwa nini nimeandika hili, halihusu mashine.

Alhamisi, Machi 14

Fundi amekuja na bisibisi zake. Kufungua ubavu wa sipiyu, vumbi likamwagika kama unga, akapiga chafya mara sita. Ndani kulikuwa na mjusi mkavu, mnyoofu, amelala juu ya feni.

"Huyu naye alikuwa anasubiri iwake," akasema.

Akaniandikia dawa tatu kwenye karatasi. Ya kwanza memori zaidi, kwa sababu mashine ina akili finyu na kila hesabu inaikimbizia kwenye diski. Ya pili diski mpya ndogo, ile isiyozunguka. Ya tatu betri ya saa, ile ya mviringo kama kifungo, ndipo itaacha kuishi Januari mosi. Vingine vyote vinabaki.

"Diski nitaitafuta mimi. Memori nenda kanunue mwenyewe kule mtaa wa vipuri, utapata nafuu. Lakini chukua hiki kijiti cha zamani uende nacho, uwaonyeshe."

Nikamwambia mimi ni mwalimu wa hesabu, sihitaji kutembea na vijiti mfukoni. Nikakipima kwa rula nikaandika vipimo.

Jumamosi, Machi 16

Nimenunua. Muuzaji alitaka kuniuliza maswali ya mashine ya mwaka gani, toleo gani. Nikatoa rula. Urefu sentimita kumi na tatu na milimita tatu, upana sentimita tatu. Nikapima vijiti vitano mbele yake mpaka nikapata kilicholingana sawasawa, tena kilikuwa kimepunguzwa bei. Akasema mali ikitoka hairudi. Nikamwambia hesabu haikosei.

Jumatatu, Machi 18

Imekosea.

Niliamua kukiweka mwenyewe ili fundi akija akute kazi imekwisha. Nilikisukuma kwa vidole, kikakataa. Nikakigeuza, kikakataa. Nikakisukuma kwa kiganja, kisha kwa kisigino cha kiatu nilichokishika mkononi, na hapo ndipo fundi alipofungua mlango.

"Mwalimu! Mwalimu, weka kiatu chini."

Akakichukua kijiti, akakilaza kando ya kile cha zamani. Urefu mmoja, upana mmoja. Halafu akanionyesha kwa ukucha: kwenye makali ya chini kila kimoja kina pengo dogo, na la kile cha zamani limekaa kando kidogo kuliko la hiki. Ni kizazi kingine kabisa cha memori, akasema, vimewekewa pengo mahali tofauti makusudi ili mtu asilazimishe.

"Mtu kama nani?"

Akakitazama kiatu tu. Ni mwanafunzi mwenye adabu.

Nyumbani nimemsimulia mke wangu, ambaye ni mshonaji. Hakuacha hata kukanyaga cherehani. "Ulipima kitambaa, hukutazama tundu la kifungo," akasema. Kisha akacheka mpaka uzi ukakatika, nikaenda kulala bila kuaga.

Jumanne, Machi 19

Mke wangu alisema twende wote mtaa wa vipuri. Nilitaka kuanza na kanuni za biashara, akanivuta shati. Akamwambia yule muuzaji: "Mwanangu, huyu mume wangu kakuletea rula dukani na wewe ukamwachia. Sasa nani kati yenu ana akili?" Muuzaji akaangua kicheko, akatubadilishia, na betri ya saa akatuongezea bure. Miaka thelathini na moja ya ndoa, na bado sijui anajifunzia wapi mambo haya.

Alhamisi, Machi 21

Umeme umekatika mara nne leo. Fundi ameichukua sipiyu akaifanyie kazi kibandani kwake, penye umeme wa uhakika. Kaniomba na daftari la dalili. Nimempa hapohapo, mistari hii naimalizia nimesimama huku akininyooshea mkono.

Alhamisi, Machi 28

Daftari limerudi. Nilimpa haraka bila kuyasoma tena niliyoyaandika, na ndani yake si mashine peke yake. Wiki nzima nimekuwa nikijifariji kwamba watu wa kompyuta hawasomi maandishi ya mkono.

Alifika saa tano na sipiyu begani imefungwa kwa kanga. Akaunganisha nyaya, akaiwasha. Nilikwenda kuchukua chai yangu kama kawaida. Akanivuta mkono nirudi. Ilikuwa tayari imeshawaka. Sekunde ishirini na mbili, na tarehe ilikuwa ya leo. Machozi yalinilengalenga, nayasema wazi.

"Ipe kazi," akasema fundi.

Nikaingiza madarasa kumi na sita, masomo yote, walimu wote. Nikabonyeza. Kazi ile ambayo ilikuwa ikichukua kutwa nzima kila mara, na mara kumi kabla haijakubali, ilikwisha kwa dakika moja na sekunde kumi. Nikampa mkono, nikampigapiga begani, nikamwambia nilijua tangu kidato cha pili kwamba atafika mbali. Huo ulikuwa uongo na wote wawili tulijua.

Hakucheka. Akakaa kwenye kibenchi cha mazoezi kilichobaki tangu enzi za stoo.

"Mwalimu, nimesoma daftari lote. Tarehe saba umeandika umeme haukuwepo kutwa."

"Ndiyo."

"Na tarehe hiyohiyo umeandika mashine imemkataa mwalimu wa Jiografia."

Nikaanza kueleza kwamba hata kama ingewashwa, ule uwezo wake wa zamani, na memori ile finyu...

"Mwalimu. Mashine ilikuwa imezimwa. Imekataaje?"

Nikapangusa kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Akasimama, akakusanya bisibisi zake moja moja. Mlangoni akageuka. "Mle ndani nimekuta masharti ishirini na matatu umeyaandika kwa mkono wako. Historia Ijumaa kipindi cha nane. Wewe usiguse kipindi cha kwanza siku yoyote. Wewe usiguse kipindi cha nane Ijumaa. Mashine haina haki ya kukataa hayo, inatii tu. Yafute siku moja, uone itasema nini yenyewe."

Nimekasirika kutwa. Nimekasirika zaidi kwa sababu sijapata pa kuanzia kumkasirikia.

Jumanne, Aprili 2

Habari zimeenea kwamba mashine sasa ina kasi. Tangu saa moja asubuhi mlango wangu una foleni. Kemia anataka maabara Jumatano. Mwalimu wa Lugha hataki kufuatana na Michezo kwa sababu wanafunzi huingia wananuka jasho. Historia amekuja na ombi lililopigwa chapa.

Miaka yote nilikuwa nawaambia, "Inafikiria, rudi wiki ijayo," nao wakachoka wakaacha. Leo nilimwambia Kemia "subiri, inafik..." na jibu likawa limeshatokea kwenye kioo, naye amesimama nyuma yangu analisoma kwa sauti. Ndipo nilipoelewa nilichokifanya kwa ile bahasha ya vitasa. Nimejinunulia mashine isiyonifichia aibu.

Jumatano, Aprili 3

Nimewaambia inaumwa. Hakuna aliyeamini.

Ijumaa, Aprili 5

Nimefunga mlango, nimeyafuta. Yote ishirini na matatu. Nikabaki na mambo ya kweli tu: nani anafundisha nini, vyumba vingapi, na nikaongeza moja, kwamba mwalimu wa Jiografia asipewe kipindi cha kwanza. Si siku tatu, siku zote tano. Nikabonyeza.

Sekunde hamsini na nane. Haikuhema hata.

Jiografia hana kipindi cha kwanza. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Historia, Ijumaa, yuko nyumbani saa nane. Kipindi cha nane Ijumaa, lile jipya la pili kati ya yale mawili, la mwisho kabisa kule uwanjani: Hesabu. Mimi. Na kipindi cha kwanza mara nne kwa wiki: mimi.

Nikairudia. Mimi. Nikaizima kabisa nikaiwasha, nikairudia. Mimi. Mara ya nne nilibadilisha hata mpangilio wa majina nikijiweka mwisho. Ikanitafuta kulekule. Nikapiga hesabu kwa mkono, kurasa tatu, na ni kweli: vipindi vya Hesabu ndivyo vingi kuliko vyote, na miaka yote hii ili mimi nisivifanye vya pembeni ilibidi watu sita wapindwe.

Kubonyeza kitufe nirudishe sharti moja tu la mwisho ingekuwa kazi ya sekunde. Kidole kilikuwa juu ya kibodi. Nimeiacha ilivyo, nimechapa, nimeficha karatasi chini ya godoro kama barua ya mapenzi.

Jumatatu, Aprili 8

Nimemwambia mwalimu wa Jiografia. Nilidhani nitampa ratiba mpya, atafurahi, tuachane hapo. Alifurahi kweli, akaishika karatasi kwa mikono miwili.

"Ahsante Mzee! Kumbe mashine mpya inaweza!"

Hapo ndipo ningenyamaza. Nikasema, "Hata ya zamani ingeweza. Siku ile haikuwa imewashwa."

Ilimchukua muda kunielewa. Aliponielewa, sura ilibadilika, sijawahi kutazamwa vile na mtu mzima mwenzangu.

"Mwezi mzima," akasema taratibu. "Mwezi mzima wa mvua mwanangu anakaa kwenye koti la mlinzi. Ameugua kifua mara mbili. Na wewe hukujisikia kubonyeza?"

Nikasema, "Ndiyo." Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mashine ya kugeukia.

Akaikunja ratiba, akaitia kwenye mkoba, akatoka bila kuaga. Na ana haki.

Jumatano, Aprili 10

Kemia kaja akafunga mlango nyuma yake. Nikajua anakuja kunipokonya, nikakaa mkao wa vita.

"Mzee, nimesikia Madam anataka kunipa ratiba ikikushinda. Nakusihi, isikushinde." Jasho lilikuwa limeyashinda manukato. "Mimi nataka kupendwa na watu. Mwalimu akija analia mlangoni mimi nitampa kila kitu, na shule itasimama. Nimekwishampakia mke wangu filamu kwenye hiyo kompyuta, nafasi imejaa kabisa."

Nimemwonea huruma. Miezi yote nimemchukia bure. Nimempa ile maabara ya Jumatano, kwa kuwa nafasi ilikuwepo tangu zamani.

Ijumaa, Aprili 12

Nimemkabidhi Mkuu ratiba saa mbili asubuhi, siku ya mwisho, kama askari anayejisalimisha. Aliisoma yote akifuata kwa kalamu. Kwenye Ijumaa kalamu ikasimama.

"Hapa mashine imekosea. Kipindi cha nane limetokea jina lako."

"Haijakosea, Madam."

Akaniangalia juu ya miwani. Nikamweleza masharti ishirini na matatu, na Jiografia, na umeme uliokatika. Nilitegemea aite Kemia papo hapo. Kalamu ikazunguka vidoleni mwake.

"Kazi utaendelea nayo," akasema mwishoni. "Lakini kuanzia sasa mtu akiomba kitu ukamnyima, utamwandikia sababu, utaweka sahihi yako. Jina la mashine nisilione."

Nimetoka na ratiba yangu.

Jumatatu, Aprili 15

Kipindi cha kwanza, saa moja na nusu. Nimeamka saa kumi na moja, kitu ambacho mke wangu amekiita muujiza. Getini mlinzi alikuwa peke yake, mikono mifukoni, anaonekana kumkosa mtu. Jiografia alipita saa mbili na robo. Salamu aliniamkia, kwa sababu ya umri wangu, si zaidi ya hapo.

Nimemnyima mwalimu wa Lugha ombi la pili. Nimemwandikia sababu mistari miwili, nikatia sahihi. Akasoma, akasema "sawa," akaenda zake. Miaka kumi na tisa nilidhani ningepigwa.

Alhamisi, Aprili 18

Mashine haina dalili yoyote. Mvua imepungua.

Ijumaa, Aprili 19

Kipindi cha nane. Darasa jipya la uwanjani linanuka rangi na saruji mbichi, na saa tisa jua hulipiga bati lake ubavuni mpaka chaki inateleza kwa jasho. Nimeingia na vitabu vyangu kwapani. Nusu ya darasa walikuwa wamelala, nusu walikuwa wakitazama lango la nje. Niliandika mada ubaoni, nikageuka, na hakuna hata kalamu moja iliyokuwa mkononi mwa mtu. Historia amesimama mbele ya madarasa kama hili miaka sita.

Msichana mmoja wa dawati la mbele, mwenye kilemba cha sweta kichwani, alikuwa akinikodolea macho kwa mshangao. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Ndiyo, sema."

"Samahani Mwalimu. Kipindi hiki wanaleta walimu waliokosa." Akashusha sauti, kwa huruma kabisa. "Wewe umekosa nini?"

Darasa zima likaamka.

"Makosa ya miaka kumi na tisa," nikamwambia. "Fungueni ukurasa wa arobaini na mbili."